Mvua ileile, mavuno tofauti: kusoma kanda za kilimo Mtwara na Lindi

Simama Shimo la Mungu, Newala, utazame bonde la Ruvuma. Hapo uliposimama ni uwanda wa Makonde: kichanga chekundu chenye kina kirefu, kinachonyonya maji hata mito haipatikani juu, na maji ya kunywa hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Kule chini kuna mfinyanzi ulioletwa na mto, unaofaa mpunga. Yote hiyo ni wilaya moja, na ndiyo maana mipaka ya utawala haifai kugawia ushauri wa kilimo.

Kanda ya kilimo, yaani eneo lenye hali ya hewa na udongo unaofanana, hupatikana kwa kulaza ramani juu ya ramani: mvua, mwinuko, umbo la ardhi, udongo. Mwinuko hubeba habari ya joto, kwani kila mita 100 unazopanda hupunguza takriban nyuzi 0.6. Kwenye mvua wengi hukimbilia jumla ya mwaka, nayo hudanganya. Kinachopimwa ni urefu wa msimu. Msimu huanza mvua inapozidi nusu ya maji ambayo jua na upepo vingeweza kukausha, na huisha mvua ikishuka chini ya hapo na akiba ya udongoni ikatumika. Kusini tuna msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mara nyingi mvua hukatika kati ya mwisho wa Januari na Februari.

Hapo udongo ndio unaoamua. Chukua mahindi yanayochanua, mizizi ikiwa imefika nusu mita, yakinywa milimita 5 kwa siku. Kichanga hushika kama milimita 40 katika kina hicho: siku 8. Tifutifu lenye mfinyanzi hushika kama 80: siku 16. (Mmea huanza kuteseka kabla akiba haijakauka kabisa, kwa hiyo punguza siku kadhaa.) Mvua ikikatika siku 10, shamba moja limesokota majani, la jirani bado kijani. Mkorosho kwenye kichanga hichohicho hauna shida, mizizi yake imeshuka mita kadhaa. Panda mita 12 kwa 12, takriban miti 70 kwa hekta. Ila salfa ya unga inayopuliziwa mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, huongeza tindikali ya udongo, na kichanga hakina nguvu ya kuihimili. Huumia kwanza mahindi na karanga zilizopandwa chini ya mikorosho. Ufuta nao hautaki maji yaliyotuama, usiupeleke mbugani, kwenye mfinyanzi wa bondeni unaotuamisha maji.

Nachingwea, mkoani Lindi, ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Trekta zilitangulia, upimaji wa udongo na mvua ukafuata.

Ramani ya taifa haioni shamba lako, kwa hiyo pima mwenyewe. Lowesha udongo kiganjani, ukande, kisha usukume utepe kwa kidole gumba. Kichanga hakitoi utepe. Tifutifu hukatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi hupita 5.

Kwa maabara, tembea shambani kwa mkato wa zigizaga, uchote sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 0 hadi 20. Epuka kichuguu, njia na palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati huongeza zinki kwenye majibu. Bakiza nusu kilo, anika kivulini, na uandike juu ya mfuko tarehe, mahali na zao lililotangulia.