Jina la diski si anwani yake

Umenakili kipande cha XML (faili la mipangilio ya mashine pepe) cha kiendeshi cha DVD ili uongeze cha pili, ukabadilisha hdc kuwa hdd, na libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, inagoma kuhifadhi kwa sababu anwani imejirudia. Jina liache, tazama mstari wa chini yake:

<target dev='hdd' bus='ide'/>
<address type='drive' controller='0' bus='1' target='0' unit='0'/>

Jina limeshahama, anwani bado imekaa kwa hdc. IDE ina chaneli 2, kila chaneli vifaa 2: bus ni chaneli, unit ni nafasi ndani yake. Hivyo hda ni 0 na 0, hdb ni 0 na 1, hdc ni 1 na 0, hdd ni 1 na 1. Unaweza kuandika unit='1'. Mimi huufuta mstari wote wa address. Libvirt huukokotoa upya kutokana na jina, na haikosei hesabu hiyo.

Dawa hiyohiyo hutumika unapohamisha diski kutoka ide kwenda virtio (vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe). Diski ya virtio-blk hukaa kwenye PCI, kwa hiyo anwani ya aina ya drive haiifai hata kidogo. Ifute. Kiendeshi cha DVD chenyewe usikipeleke virtio-blk, kwani haijui habari za trei. Kiweke sata, au scsi yenye kidhibiti cha virtio-scsi. Na kama mashine pepe ni ya aina ya q35, IDE isahau: tumia sata, ambako bus ni 0 daima na unit huanzia 0 hadi 5.

Hata XML ikinyooka, jina la diski ulilompa mgeni (mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe) ni pendekezo tu. Kerneli yake hutoa majina kadiri inavyovikuta vifaa. Kiendeshi cha DVD utakiona kama sr0 hata ukikiita hdc. Ndiyo maana fstab (orodha ya diski za kupachikwa wakati wa kuwaka) yenye /dev/sda1 huiangusha Linux kwenye ganda la dharura siku diski inapokuwa vda. Humo weka UUID (kitambulisho kisichobadilika jina la diski likibadilika) kutoka amri ya blkid kabla ya kuhamisha chochote. Diski zikiwa nyingi, ongeza <serial>data01</serial>, nayo itaonekana /dev/disk/by-id/virtio-data01. Usizidishe herufi 20, virtio-blk hukata zinazobaki.

Faili la ISO (nakala ya DVD) likikataliwa kwa “Permission denied” ilhali ruhusa zake ni 644, mara nyingi kosa liko kwenye njia ya kulifikia. QEMU, programu inayoiendesha mashine pepe yenyewe, huendeshwa na mtumiaji qemu, au libvirt-qemu kwenye Debian na Ubuntu, naye anahitaji x (ruhusa ya kupita) kwenye kila folda ya juu. Amri namei -l ikifuatwa na njia kamili itakuonyesha palipozibwa. Mara nyingi ni folda ya nyumbani yenye 700. Hamishia faili /var/lib/libvirt/images.

Trei isipofunguka kwa virsh change-media vm1 hdc --eject, mgeni bado ameipachika DVD na ameifunga. Ingia ndani, fanya umount, kisha rudia. --force iwe ya mwisho, maana ni sawa na kumpokonya mtu kitabu anachokisoma.

Windows ndiyo yenye kiburi zaidi: ukiibadilishia diski kuu kuwa virtio ghafla, inaanguka na kosa la 0x7B kwa kukosa draiva wakati wa kuwaka. Izime, iongezee diski ya muda ya virtio ya GB 1, iwashe, sakinisha viostor (draiva ya diski za virtio) kutoka ISO ya virtio-win, hakikisha diski hiyo ndogo inaonekana, kisha izime tena. Sasa badilisha diski kuu, futa address yake, na uiondoe ile ya muda.