Zidane hakupewa Real Madrid kwa jina tu

Vijiweni bado inasemwa kwamba Zinedine Zidane alivua jezi, akavaa suti, akakabidhiwa Real Madrid kwa sababu ya jina. Si kweli, na inamnyima haki mtu aliyejifunza kazi kwa subira.

Alistaafu Julai 2006, baada ya ile fainali ya Kombe la Dunia ya Berlin na kadi nyekundu. Aliteuliwa kuwa kocha mkuu wa Madrid Januari 2016. Hapo katikati kuna karibu miaka kumi! Alisomea uongozi wa michezo Limoges, Ufaransa, akafanya kazi ndani ya klabu, kisha msimu wa 2013/14 akakaa benchi kama msaidizi wa kocha Carlo Ancelotti. Msimu huo Madrid ilitwaa Ligi ya Mabingwa, Lisbon.

Baadaye akaenda Castilla, timu ya akiba iliyokuwa daraja la tatu. Huko jina halikumkinga: Oktoba 2014 alifungiwa miezi mitatu kwa madai kwamba hakuwa na leseni inayotakiwa, ingawa adhabu ilisitishwa baadaye. Leseni ya juu kabisa ya UEFA aliipata 2015.

Kwa hiyo alipompokea kijiti kocha Rafael Benítez, vyumba vile vya wachezaji alivijua. Jina lilimsaidia kusikilizwa na akina Ronaldo na Ramos, hilo nakubali. Lakini Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018? Hakuna kocha mwingine aliyewahi kufanya hivyo.