Fuwele si kioo, na haivutwi kama shira

"Kwa hiyo ni faiba ileile ya intaneti, ila kioo chake ni safi zaidi." Nimeyasikia haya kuhusu nyuzi za fuwele tunazootesha kwa ajili ya leza: kwa wanafunzi, kwa wageni wa maabara, na wiki iliyopita kwa mteja aliyekuja na hesabu yake mkononi, akitaka mita 50 za uzi wa YAG (fuwele ya itri, alumini na oksijeni) wenye iterbi (metali inayotoa mwanga wa leza) kwa ajili ya leza ya kukatia chuma. Mita 50! Nimechoka kulijibu jambo hili mlangoni, basi naliandika.

Fuwele si kioo safi. Si kioo kabisa. Angalia sukari jikoni. Iliyo kwenye kopo ni fuwele, molekuli zake zimejipanga safu kwa safu. Ipike shira, uipoze haraka, unapata pipi ngumu inayong'aa: sukari ni ileile, lakini molekuli zimeganda ovyo pale zilipofikia. Hicho ndicho kioo. Shira nzito ukiinua kwa kijiko hutoa uzi, na faiba ya silika, kioo cha intaneti, huvutwa vivyo hivyo, mita kadhaa kwa sekunde, kwa sababu kioo hulainika kidogo kidogo. Fuwele haina hali hiyo ya katikati. YAG hubaki ngumu mpaka karibu nyuzijoto 1,970 za Selsiasi, kisha inakuwa maji. Huwezi kuivuta hivyo. Unaiotesha.

Njia yenyewe iliboreshwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1980. Unasimamisha kijiti cha YAG chenye unene wa milimita 1, unakizungushia mwale wa leza ya kaboni dioksidi mpaka ncha iwe tone, unagusisha mbegu, yaani kipande kidogo cha fuwele, juu ya tone, kisha unaipandisha pole pole huku kijiti kikisukumwa kutoka chini. Ukitaka uzi wenye theluthi ya unene wa kijiti, mbegu lazima ipande kwa kasi mara 9 ya kijiti. Kwa milimita 2 kwa dakika, mita moja inakula zaidi ya saa 8. Tone likitikiswa hata na upepo wa mlango, uzi unapata kinundu, na penye kinundu mwanga unavuja. Sasa piga hesabu ya mita 50.

Kwa nini basi tuhangaike? Kwanza ni joto. Iterbi hunyonya mwanga wa nanomita 940 na kutoa wa 1,030. Tofauti hiyo, karibu asilimia 9, hubaki ndani. Uzi ukinyonya kilowati 1, una wati 90 hivi za kuondoa kwenye kitu chembamba kuliko njiti ya kiberiti. YAG safi hupitisha joto takribani mara saba ya silika, ingawa kadiri unavyozidisha iterbi faida hiyo hupungua. Pili, mwanga mkali huamsha mawimbi ya sauti ndani ya faiba, nayo huurudisha ulikotoka ukaunguze vifaa. Mtawanyiko huu wa Brillouin ni hafifu zaidi katika YAG. Mwaka 2008 wanafizikia wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, walikokotoa kwamba faiba ya silika yenye mwale safi ingegota karibu kilowati 36, na karibu kilowati 2 tu kwa mwale wa masafa finyu, yaani wa karibu rangi moja tu.

"Basi ongeza diodi," yaani vyanzo vya mwanga vinavyoulisha uzi. Diodi zaidi ni joto zaidi, na joto hubadilisha namna kiini, sehemu ya kati ya uzi inayobeba mwanga, kinavyoupinda mwanga huo. Kipima nguvu kitasoma vizuri huku mwale umeshaharibika umbo. Ushauri wangu haubadiliki: fedha ya diodi ipeleke kwenye ganda, safu inayokizunguka kiini. Uzi wa fuwele usio na ganda huruhusu mwanga kupita njia nyingi mno, na kupata ganda linalokaribiana na kiini kwa kupinda mwanga na kwa kutanuka ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani hii.

Wengine huuliza kwa nini tusitumie mawe yetu. Kweli YAG ni ganeti, ndugu wa tsavoriti ya Tsavo na Merelani. Lakini jiwe la ardhini lina nyufa na chembe ambazo hakuna aliyezipima, nazo hunyonya mwanga. Hata rubi ya leza ya kwanza, ya Theodore Maiman mwaka 1960, ilioteshwa na binadamu.

La mwisho linanitia hofu: "Infraredi haionekani, kwa hiyo haidhuru macho." Nanomita 1,030 hupenya lenzi ya jicho na kukusanywa kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, na hutapepesa kwa kuwa huoni kitu. Leza ya holmi, metali nyingine kama iterbi, ya nanomita 2,090, huishia kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho, na huiunguza. Miwani ya jua haisaidii, wala miwani ya leza uliyoazima chumba cha pili bila kuikagua. Soma namba zilizochapwa kwenye lenzi; kama urefu wa wimbi unaoutumia haumo, usiwashe.