Farasi wa odi kubwa hana "zamu" ya kushinda

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu: ukicheza shindano la pointi la kubashiri mbio za farasi za Marekani, chagua farasi mwenye odi kubwa kuliko wote (yaani anayelipa zaidi akishinda, kwa kuwa wachache wanamtegemea), hasa aliyeshindwa mara nyingi mfululizo, maana "zamu yake imefika".

Si kweli. Farasi hapangiwi zamu. Odi ya 50 kwa 1 maana yake wabashiri wanampa nafasi isiyozidi asilimia 2, na hesabu za miaka mingi zinaonyesha farasi wa namna hiyo hushinda mara chache hata kuliko odi inavyodokeza. Anayepewa nafasi kubwa zaidi hushinda takriban mbio 1 kati ya 3.

Tena ujumbe hautaji kikomo cha pointi, ambazo hutokana na malipo ya farasi uliyemchagua. Mashindano mengi ya aina hii hayahesabu malipo ya mshindi kupita kiwango fulani, mara nyingi 20 kwa 1. Hapo farasi wa 80 kwa 1 anakupa pointi zilezile za yule wa 20 kwa 1, ilhali nafasi yake ni finyu zaidi. Soma kanuni kwanza.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Mwaka 2022 farasi Rich Strike alishinda Kentucky Derby, mbio maarufu za Marekani, kwa odi ya 80 kwa 1, na video yake haijaisha kusambaa. Kwamba hakushinda tena baada ya siku ile, nani anasambaza?

Ukitaka kuhakiki, fungua matokeo ya mbio 100 zilizopita. Odi ya mwisho huandikwa kwenye mstari wa kila farasi. Hesabu mwenyewe. Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwako.