Je, wajua kwa nini wagonjwa wawili wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, wenye alama sawa kwenye kipimo hawahitaji mhudumu wa aina moja?

Chukua akina mama wawili wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, wamekaa benchi moja kwenye kituo cha afya. Ni mfano tu, lakini wauguzi wengi wa mji huu watawatambua. Wa kwanza anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, sokoni. Mumewe alifariki miezi minne iliyopita, na tangu hapo usingizi umemkimbia, chakula hakipiti, na watoto wakishalala analia peke yake. Wa pili ni fundi cherehani. Yeye hajafiwa na mtu. Anasema kichwa kinamwaka moto, kifua kimebana, na cherehani haijaguswa wiki ya tatu sasa. Muuguzi anawauliza maswali tisa yaleyale. Kila mmoja anapata alama 17.

Mmoja wao anaweza kutibiwa hapohapo kituoni. Mwingine anapaswa kumwona daktari wa magonjwa ya akili, tena mapema. Yupi, na muuguzi atajuaje?

Maswali hayo tisa huitwa PHQ-9. Yalitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, ambao mwaka 2001 walichapisha matokeo ya kuyatumia kwa wagonjwa 6,000. Yanagusa wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai kitu, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, na mawazo ya kufa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Alama zikifika 10, mhudumu anapaswa kufikiria sonona inayohitaji matibabu. Zikifika 20, hali ni nzito sana.

Ni chombo kizuri, na ningependa kila kituo kiwe nacho. Lakini kinapima uzito wa mzigo wa leo tu. Hakiulizi mtu aliubeba lini, wala ni mara ya ngapi unamwangusha. Na jibu la swali letu limelala huko nyuma.

Muuguzi akivuta kiti karibu na fundi na kumwuliza habari za zamani, anasikia kwamba hii ni mara ya tatu. Ya kwanza alikuwa na miaka 19, ya pili ilikuja baada ya kujifungua. Dada yake aliyemsindikiza anaongeza kitu ambacho mgonjwa mwenyewe asingekisema, kwa sababu hakuwahi kukiona kuwa ugonjwa: kati ya mara hizo mbili kulikuwa na majuma aliyolala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku na kuamka bila uchovu, akisema bila kupumua, akakopa pesa za cherehani nne kwa siku moja na kugombana na kila aliyemwuliza atalipaje. Jamaa wanaukumbuka wakati ule kama wakati wa afya. Waliona amechangamka.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Huzuni iliyowahi kupishana na msisimko wa namna hiyo huenda si sonona ya kawaida, bali ni ugonjwa wa baipola, ambao mtu hupanda na kushuka. Kwa macho zinafanana kama mapacha, dawa zake hazifanani. Mgonjwa wa baipola akipewa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumrusha tena kwenye ule msisimko. Anahitaji dawa ya kumweka sawa pande zote mbili, kama lithiamu, ambayo lazima damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu kipimo kinachoponya na kile kinachodhuru vimekaribiana sana. Kazi hiyo si ya kumwachia muuguzi mmoja mwenye foleni mlangoni. Fundi ndiye wa kupewa rufaa, leo, ingawa alama zake ni zilezile za mwenzake.

Muuza sambaza je? Ni mara yake ya kwanza. Chanzo kinajulikana, hasikii sauti, hana mpango wa kujiua, na mdogo wake amehamia kulala kwake. Mtu kama huyu anaweza kuanzia kituoni: asikilizwe bila haraka, apewe dawa ikihitajika, arudi baada ya wiki mbili. Neno kubwa hapo ni hilo la kurudi. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama za malaria. Huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya mtu kujisikia mwepesi. Hata hivyo, nafuu ndogo huwa inaonekana mapema: usingizi unarefuka kidogo, bugali linamezwa, mtu anachana nywele. Asiyeonyesha hata dalili moja ya hizo katika wiki mbili za kwanza si wa kusahauliwa. Wiki ya sita ikifika yuko palepale, matibabu yabadilishwe.

Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliotoa matokeo mwaka 2006, ulifuatilia watu wapatao 4,000 waliokuwa wakibadilishiwa dawa hatua kwa hatua. Kwa dawa ya kwanza, karibu mmoja kati ya watatu aliondokewa na dalili. Ya pili ilisaidia wengine wengi. Kuanzia ya tatu, waliopona katika kila hatua walishuka chini ya 15 kwa mia. Ndiyo maana kanuni ya kazi ni kwamba dawa mbili zikishindwa, usiendelee kubahatisha ya tatu kituoni. Mpeleke kwa mtaalamu.

Lakini kabla ya kusema dawa imeshindwa, uliza imenywewaje, maana hapa ndipo naona tunapotezana zaidi. Amitriptilini ni dawa ya sonona ya bei nafuu. Mtu anaandikiwa kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku, analala vizuri, na hakuna anayempandisha. Kipimo hicho kinasaidia usingizi. Sonona ya mtu mzima kwa kawaida hudai miligramu 75 au zaidi, kwa kupandishwa polepole. Mwingine ananunua vidonge vitano vya rejareja, anasubiri pesa, ananunua vitano tena. Mwingine anaacha siku ya nne kwa sababu kinywa kinakauka. Hao dawa haijawashinda, haijawafikia. Na kuna hatari ya upande wa pili: amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja inaweza kusimamisha moyo. Mtu mwenye mawazo ya kufa apewe ya siku chache, na paketi ikae kwa ndugu.

Wapo ambao hata alama hazingojwi. Anayesikia sauti zikimwambia hana haki ya kuishi. Aliyeacha kula na kunywa. Aliyekwisha kuchagua namna na siku ya kujiua. Mzazi mwenye mtoto mchanga ambaye ghafla halali, anachanganyikiwa na kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hasa wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua. Wote hao ni wa kupelekwa siku hiyohiyo, na wasiachwe peke yao njiani. Wengi wanaogopa kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua, wakidhani watampandia wazo. Hawampandii. Mara nyingi anashusha pumzi, kwa sababu hatimaye mtu ameuliza.

Mwili nao uangaliwe: upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huleta uchovu na huzuni ileile, na efavirenzi, dawa ya virusi vya ukimwi, inaweza kuvuruga hisia. Kanyanga, ile pombe kali, ya kila jioni pia.

Kwetu kuna tabaka lingine. Mtu anakuja na huzuni, kumbe anaota kila usiku usiku uleule ambao watu wenye silaha waliingia nyumbani, na hapiti tena barabara ya shamba lake. Sonona iliyofungamana na kiwewe haitulii kwa vidonge peke yake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imejulikana duniani kwa kuwatibu wanawake waliobakwa, na huko tiba ya mwili na tiba ya moyo hutolewa pamoja.

Kwa matibabu ya akili yenyewe, Bukavu ina SOSAME, kituo cha mabruda wa Frères de la Charité; mabruda haohao wana Tulizo Letu kule Goma. Wataalamu ni wachache mno kwa nchi kubwa kama Kongo. Kama kila mwenye huzuni atapelekwa SOSAME, fundi wetu atangoja nyuma ya watu ambao wangepona Kadutu. Kama hakuna anayepelekwa, atapewa amitriptilini mwaka mzima. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao mhGAP wa kuwafundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kutibu sonona na kutambua wa kuwapitisha mbele.

Ukimsindikiza ndugu yako, basi, chukua karatasi. Andika ni mara ya ngapi, kila mara ilidumu muda gani, alikunywa dawa gani, vidonge vingapi, siku ngapi. Andika kama kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi au kujiua. Na hata kama hakuna atakayekuuliza, sema pia habari za ule wakati alipokuwa haombi kulala, akinunua cherehani nne.