Uchezekaji: hapo ndipo sanaa na raha ya gemu hukutana

Uchezekaji ni ile hali ya gemu kukaa vizuri mkononi. Unabonyeza, mhusika anaitika papo hapo. Kanuni unazielewa bila kufundishwa. Ukishindwa, unajua umekosea wapi. Haupimwi kwa picha wala kwa hadithi. Zipo gemu zenye sura ya sinema ambazo hazichezeki kabisa.

Tazama mwanzo wa Super Mario Bros., gemu ya Nintendo ya mwaka 1985. Mario amesimama kushoto, na mbele yake hakuna kitu. Ukimpeleka kulia, kinatokea kidudu chenye umbo la uyoga, kinamjia taratibu. Usiporuka, umekufa, na sekunde chache baadaye umeshaanza upya. Ukiruka, pengine utakiangukia kichwani, kumbe kinakanyagika! Hakuna maelezo hata mstari mmoja, somo limo ndani ya mpangilio wenyewe. Mimi hiyo naiita sanaa, hata kama mwenye padi, yaani kidhibiti cha kuchezea, anajua anajifurahisha tu.

Wapo waliokataa. Mwaka 2010 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani, aliandika kwamba gemu kamwe haziwezi kuwa sanaa. Hoja yake moja ilikuwa kwamba gemu hushindwa na mchezaji, ilhali riwaya au ngoma huna namna ya kuishinda. Miezi michache baadaye alilegeza kamba. Mwaka 2012 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, likaingiza gemu 14 kwenye hazina yake, Pac-Man na Tetris zikiwemo. Nani angetundika ukutani picha ya matofali ya Tetris? Uzuri wake unaonekana yakiwa yanaanguka na wewe unahangaika kuyapanga.

Hata hoja ya ushindi ina jibu. Katika Shadow of the Colossus (2005, PlayStation 2) unaangusha majitu 16. Unapanda mwili wa jitu huku umeng'ang'ania kitufe, nguvu za kushika zinakwisha, kidole kinauma kweli. Likianguka, badala ya shangwe unasikia muziki wa huzuni, na unaanza kujiuliza lilikukosea nini. Huzuni hiyo usingeipata kwa kutazama tu, kwa sababu mkono uliochoma upanga ni wako.

Hata kwa mashine zenyewe, sina shaka kwamba uchezekaji hushinda sura. Game Boy ya 1989, mashine ya Nintendo ya kushika mkononi, ilikuwa na kioo cha kijani kilichofifia, hakina rangi wala taa. Mshindani wake, Game Gear ya kampuni ya Sega, ilikuwa na vyote viwili, ikala betri sita kwa saa chache. Game Boy ndiyo iliyouzwa zaidi, kwa mbali. Na kwenye vibanda vyetu vya gemu, kinachogombaniwa ni padi ambayo vitufe vyake havijaanza kukwama.