Afyuni na bangi: kwa nini moja huzima pumzi na nyingine haizimi

Inakuwaje utomvu wa mmea uwe na nguvu juu ya ubongo wa mtu?

Kwa sababu ubongo una kemikali zake zinazofanya kazi kama hiyo, na seli za neva zina vipokezi vya kuzinasa. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, watafiti wa Aberdeen huko Uskoti, walitangaza enkefalini, kemikali ya ubongo inayofanya kazi kama mofini, dawa ya maumivu itokanayo na afyuni. Endofini, kemikali nyingine za ubongo za aina hiyo, zikafuata. Upande wa bangi, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga THC, kiini cha ulevi wake, mwaka 1964. Mwaka 1992 ikajulikana kuwa ubongo nao hutengeneza kemikali inayogusa vipokezi vilevile vinavyoguswa na THC, anandamidi.

Mwili hutoa kemikali hizi kidogo kidogo, mahali zinapohitajika, kisha huzivunja upesi. Dawa huenea kila mahali kwa mpigo na kukaa kwa saa kadhaa. Madhara mengi yanaanzia hapo.

Dawa za jamii ya afyuni hutulizaje maumivu?

Mofini, kodeini, tramadoli, fentanili na heroini huzifanya seli za uti wa mgongo zipunguze kupeleka habari ya maumivu ubongoni. Huko ubongoni nako hupunguza uchungu wenyewe: mgonjwa anaweza kukwambia maumivu bado yapo, ila hayamsumbui tena. Papo hapo dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, hupanda, raha inakuja, na ubongo unakariri njia ya kuipata. Utumbo hupooza, choo kikawa kigumu, na mboni za macho husinyaa.

Mgonjwa wa saratani au aliyetoka kupasuliwa asinyimwe mofini kwa hofu ya uraibu. Daktari akisimamia kipimo, dawa hii ni rehema, na kumwacha mtu agugumie maumivu yanayotibika ni ukatili.

Huua vipi?

Kwa kuzima pumzi. Kwenye shina la ubongo kuna seli zinazoendesha kupumua tukiwa macho au usingizini. Kwa kawaida kaboni dayoksaidi ikizidi kwenye damu, seli hizi hutuhimiza tuvute hewa. Zimejaa vipokezi vya afyuni, hivyo dozi ikiwa kubwa huacha kuhimiza. Mtu hahangaiki kutafuta hewa, hata hajui kuwa anaikosa. Analala, anakoroma kwa shida, pumzi zinapishana mbali, kisha zinakoma. Pombe na dawa za usingizi kama diazepamu huongeza hatari hiyo maradufu. Na fentanili ina nguvu mara 50 hadi 100 ya mofini, kwa hiyo kosa dogo la kipimo linatosha.

Aliyezoea si anakuwa salama zaidi?

Hapana, na naomba hili lisomwe mara mbili. Mwili ukizoea, vipokezi huitika kwa uvivu na dozi inapanda. Akiikosa, arosto inamshika: jasho, kuharisha, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, gerezani au kwenye matibabu, ule uzoefu unatoweka. Akirudia dozi yake ya zamani, inaweza kumuua. Siku za kwanza baada ya kutoka ni za hatari kuliko nyingi alizopitia. Ndiyo maana methadoni, dawa ya jamii ya afyuni inayotolewa kliniki kila siku kwa kipimo, huokoa maisha. Anayeitumia yuko kwenye tiba, asisimangwe.

Mbona bangi haizimi pumzi?

Vipokezi vyake ni vichache mno kwenye seli zile za kupumua. Vimejaa kwingine: penye kumbukumbu, penye kuratibu mwendo, penye hamu ya kula. Mvutaji husahau alichokuwa akisema, muda humwendea polepole, njaa humbana, moyo hupiga mbio na macho huwa mekundu.

Basi haina neno?

Ina neno. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na kijana anayevuta bangi kali mara kwa mara hujiongezea hatari ya kupatwa na saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia, hasa kama kwao kuna historia ya ugonjwa huo. Uraibu wa bangi upo. Kwa baadhi ya watumiaji wa muda mrefu huja kutapika kusikokoma. Bangi za maabara, yaani kemikali zinazotengenezwa kuiga bangi, ni balaa zaidi: nyingi huviamsha vipokezi kwa nguvu kupita THC, na zimeshaua watu.

Nikimkuta mtu amezidisha dozi ya afyuni?

Dalili ni tatu: haamki, pumzi ni chache au hakuna, mboni ni ndogo kama ncha ya sindano. Ita msaada wa dharura. Mpe nalokisoni kama ipo. Huing'oa afyuni kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Kama hapumui na unajua namna, mpulizie hewa mdomoni. Akianza kupumua mlaze kiubavu, wala usiondoke hata akiamka na kusema yuko sawa: nguvu ya nalokisoni huisha kati ya dakika 30 na 90, afyuni inaweza kuwa bado imo mwilini, na pumzi ikakatika tena.